Chembe Mia za Wilibrodi

Kwa miaka ishirini na miwili Dorkasi Sulle amekuwa akisoma damu za watu wa Endamarariek, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo damu hizo zimekuwa na taifodi. Zahanati anayofanyia kazi ni ya mtu binafsi. Ina vyumba vinne na bati la bluu, na maabara ni chumba cha tatu, kile chenye dirisha linalotazama shamba la mbaazi. Mgonjwa akiingia na homa, taifodi. Akiingia na maumivu ya kichwa, taifodi na yutiai, ule ugonjwa wa njia ya mkojo. Hata aliyekuja mzima kumsindikiza shemeji yake, akipimwa naye hakosi taifodi kidogo. Watu walizoea na waliridhika, maana mtu akitembea kilomita saba kwenye vumbi hapendi kuambiwa hana kitu.

Dorkasi si mvivu. Hili lisemwe mapema, kabla watu hawajaanza kumnyooshea kidole. Ana shamba, ana ng'ombe wawili wa maziwa, amelea watoto watatu, anaimba sauti ya kwanza kwaya ya kanisani, na siku za mnada hupokea wagonjwa hadi arobaini peke yake. Alianza kazi akipima kila kitu. Kisha mwaka mmoja dawa ya kupimia taifodi ikaisha, mganga wa zahanati akamwambia andika tu, dalili si ni zilezile? Akaandika, mgonjwa akapona. Akaandika wa pili, naye akapona. Dawa ya kupimia iliporudi, yeye hakurudi kikamilifu. Ilipofika mwaka wa tano alikuwa anamtazama mtu mlangoni na tayari anajua kiwango.

Basi Machi hii, Jumatatu moja asubuhi, aliyesimama mlangoni alikuwa mume wake.

Wilibrodi ni mkulima wa maharage na mbaazi, umri miaka hamsini na minane, mtu wa maneno machache ambayo hayarudii. Alikuwa amekuja kwa miguu, ameshika tumbo pale juu, chini kidogo ya kifua, na jasho linamtiririka ilhali watu wote benchini walikuwa na masweta. Benchi lilijaa. Kwa kuwa ni mume wa mwenye maabara, akaingia ndani akakaa kwenye stuli ubavuni mwa meza.

"Tumbo," alisema. "Na huu mkono una ganzi."

"Umeulalia," alisema Dorkasi. "Kila mwezi wa kupanda una tumbo wewe."

Akaandika: taifodi ipo, yutiai kidogo, malaria hakuna. Akamfunga mpira mkononi, akavuta damu, akaweka kichupa kwenye kibao chake pamoja na vya wenzake. Nje walikuwa wagonjwa thelathini na mmoja. Jioni alipofanya usafi akavimwaga vyote.

Wilibrodi alimeza vidonge vya taifodi Jumatatu na Jumanne bila kulalamika. Jumatano mchana, akiwa shambani, alikaa chini katikati ya mstari wa maharage, akashindwa kuinuka. Kwa bahati nzuri Adrian, mtoto wao wa kwanza, alikuwepo nyumbani na gari. Huwa anaendesha watalii Ngorongoro, lakini mvua zikianza wageni hupungua na madereva hukumbuka kwao. Walimlaza baba yake kiti cha nyuma, chini ya tangazo linalokataza wageni kuwalisha nyani, wakampeleka hospitali kubwa.

Huko kulikuwa na daktari anaitwa Nafisa, mwanamke mfupi mwenye ushungi wa kijivu na sauti ya mtu aliyelala kwa saa tatu tu tangu juzi. Alipima umeme wa moyo, akapima damu, akawaita Dorkasi na Adrian kando ya kitanda.

"Ni shambulio la moyo," alisema. "Si la leo. Lina siku mbili au tatu. Mlikuwa mnatibu nini siku zote hizo?"

"Taifodi," alisema Adrian.

Daktari Nafisa hakushangaa hata kidogo. Aliandika neno hilo kwenye faili kama anayeandika jina la mtaa. Dorkasi alitazama viatu vyake. Wilibrodi alitazama dari.

Halafu daktari akaeleza, na Dorkasi ambaye maisha yake yote yamepita na hizo chembe nyeupe za damu alisikiliza kana kwamba anazisikia mara ya kwanza. Kipande cha moyo kimekufa, alisema daktari, kipana kama vidole viwili. Mwili haukiachi hapo. Chembe nyeupe zinaingia kwa maelfu, wale wa kwanza nyutrofili, wanakatakata kilichokufa. Siku chache baadaye wanakuja wakubwa zaidi, monositi, wanakula mabaki, wakishamaliza wanawaita wajenzi na kovu linaanza kuwekwa. Ubaya ni kwamba kati ya kubomoa na kujenga kuna wiki ambazo ukuta wa moyo unakuwa dhaifu kuliko siku ile ulipoumia. Kovu changa ni laini. Linataka wiki sita hadi nane likomae.

"Kwa hiyo asilime, asibebe, asikimbilie ng'ombe," alisema. "Dawa hizi nilizoandika, kila siku. Na asimeze dawa yoyote ya maumivu nisiyoiandika mimi. Hasa hizi deksa, dawa za kutuliza uvimbe zinazouzwa ovyo. Mtu anajisikia ana nguvu, kumbe zimewafukuza mafundi kazini na ukuta umebaki mbichi. Moyo unaweza kupasuka, na ukipasuka hatutakuwa na mazungumzo mengine."

"Mafundi," alisema Wilibrodi kutoka kitandani. Lilikuwa neno lake la kwanza siku hiyo.

Dorkasi alirudi kazini wiki iliyofuata akiwa mtu mwingine, na mabadiliko yake yaliwasumbua watu. Alianza kupima. Alidondosha dawa, akasubiri dakika zake, akasoma, akaandika alichokiona. Kwa wiki mbili taifodi ikatoweka Endamarariek kama vile imehama kata. Mganga alikuja kusimama mlangoni mwa maabara na karatasi tisa mkononi, zote zimeandikwa hakuna, akauliza kama hadubini ina tatizo.

Dorkasi hakumwambia mumewe kwamba siku ile hakupima. Aliwaza kumwambia walipokuwa wakisubiri dawa hospitali, akawaza tena garini, akawaza akimpikia uji usio na chumvi. Kila mara aliona aibu, akaahirisha. Alichofanya badala yake ni kumtoa damu kila Ijumaa. Kimashine chake cha kuhesabia kiliharibika zamani, kwa hiyo hutumia maharage: anahesabu maharage mia, anapanga visosi vinne, na kila chembe nyeupe anayoiona kwenye hadubini anaitupia haragwe kisosini mwake. Maharage yakiisha, hesabu imekwisha. Ijumaa ya kwanza nyumbani, kisosi cha eosinofili kilikuwa na maharage kumi na moja. Hizo ni chembe zinazoongezeka mtu akiwa na minyoo, na Endamarariek mtu mzima asiye na minyoo kidogo ni mgeni. Ijumaa ya pili yalikuwa tisa. Alimsomea Wilibrodi matokeo hayo kwa sauti, na Wilibrodi aliitikia "haya" bila kugeuza kichwa.

Kitu kimoja Dorkasi hakukielewa. Wageni walipokuja kumpa pole na kuuliza ugonjwa, Wilibrodi aliwaambia ni taifodi sugu. Hakutaja moyo hata mara moja. Dorkasi alidhani anaona haya, maana mwanamume wa hapa akisema moyo unamuuma watu humuuliza ni nani. Akamwacha na taifodi yake.

Tabu ya taifodi ni kwamba haimkalishi mtu kitini mwezi mzima. Wilibrodi hakuwa na bandeji, hakuwa na mkongojo, hakukohoa. Alikaa kibarazani amevaa koti, akitazama magugu yakipanda juu ya maharage yake. Majirani wakapanga ujima: Jumamosi ya wiki ya nne watu ishirini waje kumpalilia. Hilo lilikuwa jambo jema, na lilimtia homa kuliko ugonjwa wenyewe. Katika ujima wa kwao mwenye shamba ndiye hushika mstari wa kwanza. Wengine hawaingii mpaka jembe lake liguse udongo. Mwenye shamba anayekaa kitini watu wakimlimia huwa amezeeka au amelewa, na habari zake hufika Karatu mjini kabla ya jua kuzama.

Wiki moja kabla ya ujima, jirani yao Emilian alimletea kopo la unga wa kahawia alionunua mnadani. Emilian ni mtu mwema mwenye goti bovu, na unga ule ulikuwa umemponya goti kwa namna ambayo alilazimika kuununua kila mnada. Ni mizizi mitupu, alisema muuzaji. Wilibrodi akawa anachota kijiko asubuhi na kijiko jioni, mkewe akiwa kazini au kwenye maziwa. Hakumwambia. Nyumba ile ilikuwa na watu wawili na siri mbili, kila mtu na yake.

Unga ulifanya kazi. Wilibrodi alianza kula. Mashavu yalijaa, uso ukang'aa, watu wakipita wanasema mzee umenawiri. Jumatano Dorkasi alimkuta amebeba ndoo ya maji mpaka zizini. Walipogombana alisema hasikii maumivu yoyote, na ilikuwa kweli.

Ijumaa Dorkasi alichukua damu, akaipaka kwenye kioo, akaitia rangi, akakaa na maharage yake. Nyutrofili walikuwa wengi mno. Limfositi, wale wadogo wa duara, walipungua. Kisosi cha eosinofili kilikuwa kitupu. Akahesabu mia nyingine. Kitupu. Akatoka nje akanawa uso, akarudi, akahesabu mia ya tatu, kwa sababu alitaka sana kuwa amekosea. Minyoo haifi kwa wiki moja kwa mapenzi yake yenyewe. Kuna dawa chache zinazofuta eosinofili kwenye damu namna hiyo, na ile inayopatikana hadi mnadani ni deksa. Aliogopa. Alimpigia simu Daktari Nafisa.

"Aache leo," alisema daktari. "Jumatatu mlete. Na hilo jembe la kesho unaloniambia, asiliguse. Unanielewa? Huo ukuta sasa hivi hatujui ukoje."

Jioni hiyo Wilibrodi alirudi kutoka kuagiza maziwa ya ujima, akala, akalala kabla hawajaongea. Dorkasi alimwacha alale, na kopo alilipata nyuma ya debe la mbegu.

Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi Wilibrodi alikuwa kibarazani ananoa jembe. Dorkasi akaweka kopo mezani mbele yake.

"Humu kuna deksa," alisema. "Nimepima damu yako. Inafukuza zile chembe zinazokujengea moyo. Ukilima leo unaweza kufa shambani, Baba Adrian. Sisemi kukutisha."

Wilibrodi alipitisha kidole kwenye makali ya jembe.

"Na safari hii umepima?" aliuliza.

Dorkasi akaondoa mkono kwenye kopo.

"Nilikuwa nimekaa kwenye stuli, Mama Adrian. Uliandika kwanza. Halafu ndiyo ukanichoma."

Aliyasema polepole, bila ukali wowote, na hilo ndilo lililomuuma. Miezi yote watu hutukanana kwa mambo madogo kuliko hayo. Huyu alikuwa amelala siku mbili na moyo unakufa, anameza vidonge ambavyo alijua havikutokana na kipimo, ili mkewe asiaibike mbele ya benchi.

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Kulikuwa na watu."

Dorkasi hakulia. Angelia, lakini saa zilikuwa zinakwenda. Aliingia ndani akatoka na hadubini ya zamani ya zahanati, ile ya kioo kidogo inayotumia mwanga wa jua, ambayo alikuwa ameibeba jana bila kujua hasa kwa nini. Akaiweka mezani, akageuza kioo kuelekea mashariki, akaweka damu ya Wilibrodi chini ya lenzi. Akapanga visosi vinne. Akamhesabia maharage mia.

"Usiniamini," alisema. "Hesabu mwenyewe."

Akamfundisha. Huyu mwenye kiini kilichokatika vipande ni nyutrofili, kisosi cha kwanza. Huyu mdogo wa duara, cha pili. Huyu mkubwa mwenye kiini kama figo, cha tatu, ndiye fundi wa kubeba taka. Na ukimwona aliyejaa punje nyekundu mwili mzima, weka cha nne. Akamtolea kwanza kioo cha Ijumaa ile ya kwanza, ili amwone mwekundu alivyo. Wilibrodi alimwona, akanung'unika kwa mshangao, kisha wakabadilisha.

Wilibrodi alihesabu kama anavyochagua mbegu. Haragwe moja, anatazama, anasogeza, haragwe lingine. Majirani walianza kufika saa moja na nusu na majembe begani, wakakuta mwenye shamba ameinamia chombo, jicho moja amelifumba, jembe lake limeegemea ukuta. Wakasalimia. Hakuitikia, alikuwa kwenye arobaini na sita. Wakasimama uani. Walipofika ishirini walikuwa bado wamesimama, wanaongea kwa sauti ya chini, sauti ya matangani.

Haragwe la mwisho lilianguka kisosi cha kwanza. Wilibrodi aliinua kichwa, akafuta jicho, akatazama kisosi cha nne. Kilikuwa kitupu. Akakisukuma kidogo kwa kidole. Kisha akachukua kopo la Emilian, akalifunika vizuri, akaliweka chini ya meza. Dorkasi akajua amemwamini, na akashukuru kwa moyo wote.

"Haya mzee," aliita Emilian kwa furaha, "taifodi imeisha lini? Tuanzishie mstari, jua hilo."

Wakacheka. Mtu wa nyuma akasema taifodi gani hii inamweka mtu kitini mwezi mzima, labda na yeye aitafute. Wakacheka tena. Wilibrodi akawatazama wote ishirini, akamtazama mkewe. Akasimama. Akanyoosha mkono ukutani akachukua jembe.

Dorkasi aliona vizuri kabisa kinachotokea. Wilibrodi alikuwa amehesabu chembe zake mwenyewe, anajua kilichomo kifuani, na bado anakwenda kushika mstari wa kwanza. Angekwenda kwa sababu sababu pekee ya kukaa ilikuwa moyo, na akiutaja moyo watu watauliza taifodi ilitoka wapi. Alikuwa tayari kufa kwa adabu.

"Hajaugua taifodi," alisema Dorkasi.

Hawakusikia. Akasema tena kwa sauti ya kwaya.

"Wilibrodi hajaugua taifodi. Aliugua moyo. Kipande kimekufa na kidonda hakijapona, akilima leo kinaweza kupasuka. Alikuja kwangu siku ile ile unaanza, nikamwandikia taifodi. Sikupima. Niliandika tu. Siku tatu zimepotea kwa sababu yangu, na yeye amewadanganya ninyi ili kunifichia."

Emilian akatazama kopo lake chini ya meza, kisha goti lake. Wilibrodi alikuwa amesimama na jembe, mdomo wazi kidogo. Dorkasi akamfuata, akalitoa jembe mikononi mwake. Hakulishikilia. Alikaa.

Pale mbele alikuwa amesimama Blandina, mjane wa nyumba ya tatu, aliyemzika mumewe miaka miwili iliyopita. Alikuwa na kitenge kipya kiunoni, cha kulimia.

"Na taifodi ya mume wangu?" aliuliza. "Ile ya kwake, ulipima?"

Dorkasi alimkumbuka yule marehemu mlangoni. Alikumbuka shati lake, na kwamba alikuwa na haraka ya kuwahi lori la vitunguu. Alitafuta kichwani kile kichupa, alitafuta mkono wake mwenyewe ukidondosha dawa, ukisubiri dakika zile. Alitafuta kwa uaminifu wote aliokuwa nao, watu ishirini wakimsubiri, na hakupata kitu upande wowote.

"Sijui," alisema.

Blandina akakaza kitenge chake kiunoni. Halafu akapita kati ya watu, akaenda hadi shambani, akasimama kichwani mwa mstari wa kwanza. Jembe lake likagusa udongo, na mmoja baada ya mwingine wakamfuata, kila mtu na mstari wake, bila wimbo.